Mawe ya mtoni juu ya kilima: Tana ilikuwa inapita huko juu ama ardhi ndo imeinuka?

Kijana_wa_Mutonga

Wakuu habari zenu. Niko na swali limenikaa kichwani kitambo, naomba wale mnaelewa mambo ya miamba mnisaidie. Kwetu ni Tharaka, karibu na pale Mutonga inaingia Tana. Ukitoka mtoni ukianza kupanda kwenda mashambani unafika mahali tambarare, unapanda kidogo unakuta tambarare ingine, unapanda tena ingine, yaani ni ngazi ngazi hivi mpaka juu. Na sio matuta ya kuchimbwa na watu, hizi ni kubwa, zingine watu wamejenga boma na kulima mtama juu yake.

Sasa chenye kinanishangaza, kwa hizo tambarare ukichimba shimo la choo unatoa mawe ya mviringo, laini, yamesuguliwa mpaka hayana kona, yaleyale unayaona sai kwa mto chini. Na tuko juu kabisa, hata mto wenyewe huusikii.

Wazee wanasema zamani mto ulikuwa unapita huko. Sawa, lakini ulishukaje? Kama ulichimba, mbona ulichimba kwa awamu, unachimba unasimama, unachimba unasimama, nini ilikuwa inausimamisha? Alafu kuna mtu aliniambia ni ardhi imeinuliwa na mambo ya Bonde la Ufa, lakini Bonde la Ufa liko mbali sana na sisi, liko huko nyuma ya Aberdare. Mwenye anajua anieleze polepole.

Mzee_wa_Visima

Kijana wangu, mimi nachimba visima vya mkono huku Mwingi mpaka upande wenu wa Tharaka, hayo mawe nayajua vizuri. Nilikuwa nafikiri ni mafuriko. Ile El Nino ya 1997 mliokuwepo mnakumbuka mito ilivyofanya, maji yalipanda mahali hakuna mtu alitarajia, yakabeba mawe na miti na madaraja. Sasa miaka elfu mingi si lazima kulikuwa na mafuriko makubwa kushinda hayo?

Lakini kuna kitu sijawahi kuelewa nami naomba nielezwe. Kwa hizo tambarare unachimba udongo, unafika kwa mawe ya mviringo, hayo sio mengi sana, mita mbili tatu hivi, alafu ghafla unagonga mwamba mgumu. Na huo mwamba umekaa sawa, bapa. Ukichimba hapa, ukienda ng'ambo ya shamba ukichimba tena unaukuta karibu kimo kilekile. Mwamba wa kawaida huku kwetu hauko hivyo, uko juu chini juu chini.

Nyundo_na_Lenzi

Nimefurahi sana kuona swali hili, manake hapo kwenu mnapoongelea, Tana kwenye makutano na Mutonga, kuna watafiti walipakagua vizuri na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2007, walihesabu ngazi zisizopungua 10. Kwa hiyo unachokiona ni kitu cha kweli kabisa, ngoja nijaribu.

Nianze na mafuriko. Mzee wangu, huo mwamba bapa unaougonga ndo ushahidi wenyewe. Mafuriko hata yawe makubwa vipi yanapita wiki mbili tatu yanaondoka, yanaacha mchanga na tope, hayawezi kusawazisha mwamba mgumu wa naisi, ule wa zamani wenye mistari mistari, upana wa mashamba kadhaa. Mwamba ule umesawazishwa na mto uliokaa kwenye kimo hicho miaka maelfu, ukihamahama kulia na kushoto, ukiburuta kokoto juu ya mwamba msimu baada ya msimu, kokoto ndo zilikuwa zinasaga. Alafu mto ulipoondoka kushuka chini ukaziacha kokoto zake za mwisho zimelala hapo juu, hizo mita mbili tatu zako.

Kijana fanya hivi, tafuta mahali korongo au barabara imekata ngazi, uangalie mawe yalivyolala. Yale bapabapa utakuta yameegemeana, yote yameinamia upande maji yanakotoka. Hiyo ni alama ya mkondo uliokuwa unapita pale. Na ukiwa na lenzi ya mkononi chukua mchanga kidogo uangalie, punje zinazong'aa za kwazi na maika ni za mwamba wa zamani wa huko kwenu, lakini ukikuta punje nyeusi na vipande vya kioo cha volkano, hizo zimeshuka na Mutonga kutoka Mlima Kenya. Kuna jiwe pia linaitwa kenaiti, limepewa jina la mlima wenyewe, ni jeusijeusi lina punje kubwa nyeupe za umbo la msambamba. Ukilipata kwenye shimo la choo ujue limesafiri.

Sasa kwa nini ngazi na sio mteremko mmoja tu. Hapa kuna vitu viwili vinafanya kazi pamoja na watu wengi wanavichanganya.

Cha kwanza ardhi yenyewe inainuka, polepole sana, bila kusimama. Fikiria msumeno umefungwa mahali pamoja na gogo ndo linasukumwa juu taratibu, msumeno haushuki ila gogo linazidi kukatwa. Mto ni huo msumeno. Ardhi ikiinuka, mteremko unaongezeka, mto unapata nguvu ya kukata.

Cha pili ni mzigo wa mto. Mto una nguvu kiasi fulani, na nguvu hiyo unaitumia ama kubeba mchanga na mawe ama kukata mwamba. Ukipewa mzigo mkubwa kuliko maji yake unashindwa kukata, unajaza bonde lake kokoto na kuanza kutanuka pembeni, hapo ndo unasawazisha. Mzigo ukipungua au maji yakiongezeka unaanza kukata tena kwenda chini, unaacha sakafu yake ya zamani juu, inakuwa ngazi.

Kwa Tana mzigo ulikuwa unaongezeka enzi za barafu. Sio barafu ya Ulaya, hapahapa kwetu, barafu ya Mlima Kenya ilikuwa imeshuka chini sana kuliko ilivyo leo, hali ya hewa ilikuwa baridi na kavu, misitu imepungua, na tope zito lenye vifusi vya volkano lilikuwa linateremka kutoka mlimani na kuingia mtoni. Watafiti walikuta mashapo ya volkano, yaani mchanga na tope lililotulia pale, kwenye ngazi za Tana yaliwekwa vipindi hivyohivyo. Baadaye joto na mvua zikarudi, msitu ukashika udongo, maji yakawa mengi na mzigo mdogo, mto ukakata.

Kwa hiyo kijana, kilichokuwa kinausimamisha mto ni hali ya hewa. Kilichokuwa kinaibeba juu kila sakafu ambayo mto umeiacha ni ardhi kuinuka. Kama ardhi ingebaki palepale mto ungekuwa unajaza na kuchota bonde lilelile moja, sakafu mpya inafuta ya zamani, usingeona ngazi kumi.

Mwl_wa_Jiografia_TZ

Mkuu Nyundo shukrani kwa darasa, ila naomba kuuliza kama mwalimu. Sisi huku tunafundisha kwamba mto ukianza kukata upya ni kwa sababu usawa wa bahari umeshuka, ndo maelezo wanafunzi wanayoandika kwenye mtihani na wanapata maksi. Na kwenye enzi ya mwisho ya barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, bahari ilishuka mita zipatazo 120. Sasa si hiyo peke yake ingetosha kuifanya Tana ikate? Kwa nini tuingize kuinuka kwa ardhi?

Na swali la pili, unatofautishaje kwa macho, yaani mwanafunzi akisimama kwenye ngazi atajuaje hii ni ya bahari, hii ni ya hali ya hewa, hii ni ya ardhi?

Nyundo_na_Lenzi

Mwalimu swali zuri sana, na wanafunzi wako hawajaandika uongo, ni suala la mahali. Bahari ikishuka mto unaanza kukata pale mdomoni, alafu ule mkato unapanda kurudi nyuma kama poromoko dogo linalosogea kwenda juu ya mto. Karibu na pwani athari yake ni kubwa. Lakini makutano ya Mutonga yako mamia ya kilomita kutoka Kipini kufuata mto, na katikati kuna nyanda tambarare ndefu sana za Garissa kushuka Hola. Mkato wa baharini haufiki huko haraka, na kabla haujafika bahari imeshapanda tena.

Hilo la kupanda tena ndo la maana zaidi. Bahari imeshuka na kupanda mara nyingi, inarudi karibu palepale. Sasa kitu kinachoshuka na kurudi hakiwezi kukuachia ngazi kumi zinazokwenda upande mmoja tu, ya zamani juu, changa chini. Ukiona mpangilio huo bara, mbali na pwani, ujue kuna kitu ambacho hakirudi nyuma, na hicho ni ardhi kuinuka.

Kwa macho ni hivi. Mwanafunzi aangalie kwanza chini ya kokoto kuna nini. Kama ni mwamba uliosawazishwa, mto ulikuwa unakata kwa muda mrefu, hiyo inaelekeza kwenye ardhi inayoinuka. Kama ni kokoto na mchanga tu kwenda chini mita nyingi bila mwamba, bonde lilijazwa alafu likachotwa, hapo hali ya hewa au bahari inaweza kutosha. Alafu aangalie ng'ambo ya mto, ngazi ikiwa na pacha wake kimo kilekile upande wa pili mto ulishuka kwa mpigo mmoja bonde zima, ikiwa hazilingani mto ulikuwa unakata huku unahama. Na udongo pia, ngazi za juu ni za zamani kwa hiyo zimeiva zaidi, nyekundu, mawe yake mengine yameoza unaweza kuyavunja kwa mkono, ya chini bado ni magumu ukiyagonga yanalia.

Halafu kuna kitu kizuri, wale wa 2007 hawakuitupa pwani. Walichukua umri wa ngazi za Tana wakaulinganisha na ngazi za bahari, zile tambarare zilizoachwa na mawimbi kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, ili kutengeneza historia ya kuinuka kwa ardhi. Kwa hiyo pwani inatoa ushahidi, ila sio kwamba ndo iliyoamuru mto.

Dada_Ramani

Naomba niingie kwa ile ya Bonde la Ufa kuwa mbali, manake hapo ndo mimi huwa napapenda, nafanya kazi ya ramani na Tana ni mto nimeutazama sana.

Kijana, Bonde la Ufa halikuinuka kama ukuta mwembamba. Kabla na wakati wa kupasuka ardhi ilivimba eneo pana sana, na huo uvimbe unateremka taratibu kuelekea mashariki, nyinyi Tharaka mko kwenye mteremko wake. Sasa utajuaje ardhi iliinama wakati hakuna aliyekuwepo kupima? Lava. Lava ikimwagika inafuata mabonde ya mito kama maji, inaganda mle ndani, na kwa hivyo inahifadhi mteremko wa mto wa siku ile. Mto una mteremko wake wa kawaida. Ukikuta lava za zamani zina mteremko mkali kuliko lava changa ndani ya eneo lilelile, zile za zamani zimeinamishwa baadaye.

Ndivyo walivyofanya kwa Tana. Lava ya miaka milioni 3.21 na ya milioni 2.65, umri umepimwa kwa agoni, gesi inayojikusanya ndani ya jiwe kadiri linavyozeeka, wakachora mistari ya mteremko wakaipeleka mpaka ukingo wa Bonde la Ufa, ikatoka kwamba ukingo wa mashariki ulipanda angalau kilomita 1 ndani ya kipindi hicho. Kilomita nzima! Baada ya hapo, tangu milioni 2.65, kuinuka kukawa kwa upole na kwa eneo pana, na ngazi zako zote zimechongwa wakati huo wa upole.

Na kama unataka kuona lava iliyokuwa ndani ya mto na sasa iko juu nenda Tsavo Mashariki uangalie uwanda wa Yatta. Ule mgongo mrefu bapa unaofuatana na mto Athi ni lava iliyotiririka ndani ya bonde la mto miaka milioni 13.5 iliyopita, karibu kilomita 300. Pembeni mmomonyoko ukala miamba laini, lava ngumu ikabaki, kilichokuwa chini kikawa juu. Watu walipiga hesabu kwamba lava ile isingefika umbali huo bila mteremko wa angalau nyuzi 0.2, na kwa mteremko huo ilipoanzia lazima palikuwa na kimo cha mita 1,400 hivi tayari.

Sasa weka hilo pamoja na nyangumi wa Turkana. Ndio, nyangumi. Mifupa yake ilipatikana Loperot, kilomita 740 kutoka bahari ilipo leo, kwenye kimo cha mita 620, umri wake miaka milioni 17. Nyangumi haendi mtoni kwenye maporomoko, aliogelea mto mkubwa uliokuwa unatiririka taratibu kwenye nchi ya chini kabisa akapotelea bara. Kwa hiyo milioni 17 nchi ilikuwa chini, milioni 13.5 ilikuwa imeshapanda. Mimi nikiwaza hivyo alafu niangalie Tana inavyozunguka Mlima Kenya kwenye ramani, naona ngazi za Tharaka ni kurasa za mwisho mwisho tu za hadithi ndefu sana.

Kijana_wa_Mutonga

Aki nimesoma yote mara mbili. Dada hiyo ya nyangumi nimeisomea watu hapa nyumbani wakanyamaza.

Niko na mbili za mwisho. Moja, hizo ngazi zenyewe hazina lava, ni kokoto tu, umri wake walijuaje? Mbili, bado inaendelea? Manake kingo za mto zinabomoka kila mwaka, mashamba ya watu yanaenda, na mchanga unachotwa na malori. Hiyo ndo ardhi kuinuka ama?

Nyundo_na_Lenzi

Umri, ndo kazi ngumu kuliko zote. Kupima umri kwa kaboni ya mkaa au mabaki ya viumbe kunafika miaka kama 50,000 tu alafu kunaisha nguvu, na kokoto nyingi hazina hata mkaa. Kwa ngazi changa za Tana walitumia zile punje za volkano nilizokwambia. Kila tukio la volkano lina mchanganyiko wake wa madini, kwa hiyo walilinganisha mashapo ya ngazi na matabaka ya majivu yaliyokuwa yameshapimwa umri kwenye tope la ziwa. Yakifanana, umri ni mmoja. Kwa njia hiyo wakarudi nyuma mpaka miaka 215,000.

Ukishakuwa na umri na kimo, kasi ni kugawanya tu. Ngazi tatu changa zilitoa milimita 0.1 hadi 0.2 kwa mwaka, yaani mita 10 hadi 20 kwa kila miaka laki moja. Wastani wa muda mrefu zaidi ni milimita 0.06 kwa mwaka. Na kuna alama kwamba mto uliongeza kasi ya kukata kama miaka 900,000 iliyopita, jambo ambalo linaonekana kwenye mito mingi ya Ulaya pia, na ni kipindi ambacho enzi za barafu zilianza kuwa ndefu na kali zaidi. Hapo mtu unakaa unafikiri, Tharaka na Ulaya zinatembea pamoja.

Kwa kulinganisha, kusini mwa Nepal mto Bagmati unakata vilima vya mbele vya Himalaya, huko kuna ngazi za miaka kama 9,000 ambazo zimeshainuliwa na zimepindwa, hazilingani tena na mto ulio chini yake, mahali pengine kwa kasi ya sentimita 1 kwa mwaka. Hiyo ni mara 50 hadi 100 ya Tana. Pale kuna ufa wa miamba unasukuma, kwenu ni kuinuka kwa pamoja ndo maana ngazi zenu zinakaa zimetulia.

Sasa jibu la pili. Ardhi kuinuka hata kama kunaendelea, kwa kasi hiyo maisha yako yote hayafiki sentimita 2. Kingo kubomoka mwaka kwa mwaka ni kitu kingine kabisa na ni muhimu sana msikichanganye, kwa sababu hicho kina watu nyuma yake. Mchanga ukichotwa sakafu ya mto inashuka, kingo zinabaki wima, zinaanguka. Na juu yenu kuna mabwawa, Masinga tangu 1981, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, yanashika mchanga na tope, maji yanatoka yakiwa na mzigo mdogo, na mto wenye mzigo mdogo unakata, ni kanuni ileile ya enzi za barafu ila hapa imefanywa na sisi, na kwa miaka makumi badala ya maelfu. Mtu akikwambia shamba limeenda kwa sababu ardhi inainuka usimkubalie.

Mzee_wa_Visima

Asante sana, sasa nimeelewa ule mwamba. Kuna kitu naongeza kwa kijana kwa sababu ya maji. Kwa ngazi za chini karibu na mto, ukifika kwa kokoto kabla ya mwamba mara nyingi unapata maji yamekaa hapo juu ya mwamba, mwamba unayazuia. Ngazi za juu nimechimba mara nyingi nikapata kokoto kavu.

Nyundo_na_Lenzi

Ni sahihi kabisa mzee. Za juu zimekatwakatwa na makorongo kila upande kwa hiyo maji yanavuja pembeni pale kokoto zinapokutana na mwamba. Angalia kwenye ukingo wa ngazi baada ya mvua, palipo na mstari wa majani mabichi ama chemchemi ndogo, hapo ndo mpaka wa kokoto na mwamba ulipo. Kijana ukiwa na simu yenye kupima kimo pita na huo mstari ngazi kwa ngazi, andika kimo cha kila moja kutoka usawa wa mto, alafu ulete hapa na picha. Kipimo cha simu kinayumba mita kadhaa, kwa hiyo pima mahali pamoja asubuhi na jioni uchukue katikati.